Mzani ukigoma baada ya upasuaji wa kupunguza uzito



Upasuaji wa kupunguza uzito si habari ya kuletewa kutoka mbali tena. Hospitali ya Taifa Muhimbili, upande wa Mloganzila, ilianza kuwawekea watu puto tumboni mwaka 2022, na upasuaji wenyewe wa kupunguza tumbo la chakula ukafuata baadaye. Kabla ya hapo wenye uwezo walikuwa wakienda India au Nairobi, na wenye jamaa Maskati wanafahamu kwamba katika nchi za Ghuba jambo hili ni la kawaida kwa miaka mingi. Profesa Mohamed Janabi, aliyewahi kuwa Mkurugenzi Mtendaji wa Muhimbili na ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuongoza Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika, aliufanya mjadala wa kitambi na ulaji ufike mpaka vijiweni. Kwa hiyo leo hata aliyeko Kilwa Kisiwani huenda ana dada, shangazi au mke ambaye amefanyiwa, au mwenyewe anafikiria kufanyiwa.

Linalozungumzwa kidogo ni yale yanayomkuta mtu akisharudi nyumbani. Wiki mbili za mwanzo kilo zinapukutika, nguo zinalegea, kila mtu anashangaa. Halafu wiki ya tatu au ya nne mzani unagoma. Leo 112, wiki ijayo 112, inayofuata 112 na nusu. Au unashuka vizuri mpaka mwezi wa saba, kisha unasimama kama umepigiliwa msumari. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kurudi kliniki akauliza. Wewe uliyeko kisiwani unatakiwa kwanza uvuke kwa boti hadi Masoko, kisha upande basi la zaidi ya kilomita 300. Basi unabaki peke yako na mzani wako, na hapo ndipo makosa hufanyika.

Wengine huamua kujinyima hata kile kidogo walichoruhusiwa. Wengine hukata tamaa, husema pesa imeliwa bure, na kurudia chai ya sukari na vitumbua. Wengine hutafuta sanamaki na vidonge vya kupunguza tumbo. Lakini kusimama kwa uzito kwenyewe, mara nyingi, si ugonjwa wala si dalili kwamba upasuaji umeharibika. Kinachodhuru zaidi ni yale anayoyafanya mtu kwa hofu ya kuona uzito umesimama.

Ujue kwanza ulichofanyiwa

Ukimuuliza mgonjwa, mara nyingi atakwambia tu “nimepunguzwa tumbo.” Haitoshi, kwa sababu njia ni zaidi ya moja na kila moja ina tabia yake. Ipo ile ya kukata tumbo la chakula na kuondoa kiasi cha robo tatu au zaidi kidogo, likabaki bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa inayoitwa grelini, ndiyo maana miezi ya mwanzo mtu hushangaa kuona hana hata hamu ya chakula. Ipo nyingine ambayo daktari hutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo, kisha akakiunganisha na utumbo mwembamba mbele zaidi, chakula kikaruka sehemu ya njia yake ya kawaida. Hii ya pili hubadilisha pia namna mwili unavyofyonza vitamini na madini.

Puto si upasuaji. Huwekwa kwa muda na kutolewa, mengi kati ya miezi 6 na 12 kutegemea aina yake, na sehemu kubwa ya kilo hupotea katika miezi mitatu au minne ya mwanzo. Baada ya hapo tumbo huzoea. Mwenye puto ambaye uzito umesimama mwezi wa tano anapaswa kuhangaikia zaidi namna atakavyokula siku puto likitoka, kuliko hizo kilo mbili anazozisubiri.

Kwa nini uzito husimama

Tuanze na ule mgomo wa mapema, kati ya wiki ya pili na ya sita, ambao huwatisha wengi. Mwili huweka akiba ndogo ya wanga katika ini na misuli, iitwayo glaikojeni. Kwa mtu mzima ni kama nusu kilo hivi, na kila gramu moja ya akiba hiyo hubebana na takriban gramu tatu za maji. Unapoacha kula ghafla mwili hutumia akiba hiyo kwanza, na maji yake hutoka kwa njia ya mkojo. Kwa hiyo sehemu ya kilo zile za wiki ya kwanza zilizokufurahisha ilikuwa ni maji. Ukianza kula uji laini na supu, mwili hurudisha akiba yake pamoja na maji yake. Mafuta yanaendelea kuungua, lakini maji yanayorudi yanafunika hesabu, na mzani unaonekana haujasogea. Hapa hakuna dawa ya kutafuta. Endelea ulivyoelekezwa, na baada ya wiki chache mzani utashuka wenyewe.

Mgomo wa baadaye una sababu nyingine. Watu wa bahari wanajua kwamba boti iliyojaa shehena hunywa mafuta mengi kuliko boti ile ile ikiwa tupu. Mwili uliokuwa na kilo 125 ulihitaji chakula kingi ili kupumua, kutembea na kupandisha ngazi ya nyumba. Ukifika kilo 95 unahitaji pungufu. Kile chakula kilichokukondesha mwezi wa pili kinaweza, mwezi wa tisa, kuwa ndicho hasa kinachotosha kukuweka pale pale.

Juu ya hilo, mwili una ubahili wake. Haujui kwamba wewe umekusudia kupungua, unachojua ni kwamba chakula kimekatika. Mwaka 1944 na 1945 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwapunguzia chakula kwa miezi sita vijana 36 waliojitolea. Miili yao ilipunguza matumizi kuliko ilivyotegemewa kwa kilo walizopoteza, mapigo ya moyo yakapungua, wakawa wanaona baridi na kuwaza chakula usiku na mchana. Wale walikuwa wazima, hawakupasuliwa. Upasuaji husaidia kulegeza ubahili huo, kwani homoni za njaa hubadilika, lakini hauufuti wote. Ndiyo maana mtu anayejibu mgomo wa uzito kwa kujinyima zaidi huupa mwili sababu ya kubana zaidi.

Sababu ya nne ni misuli. Asiyekula protini ya kutosha na asiyetembea hupoteza nyama pamoja na mafuta. Misuli hutumia chakula hata ukiwa umekaa; ukiipoteza, unapunguza moto wa jiko lako mwenyewe.

Halafu kuna hesabu ambayo ingefaa kila mtu aambiwe kabla hajalala kwenye kitanda cha upasuaji. Nchini Sweden ulianza mwaka 1987 utafiti mkubwa uliowafuatilia maelfu ya watu kwa miaka mingi. Waliofanyiwa ile njia ya kuunganisha tumbo na utumbo walipungua kwa wastani wa asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza hadi wa pili. Baada ya miaka 10 walikuwa wamebaki na upungufu wa asilimia 25. Mchukue mama wa kilo 120. Asilimia 32 ni kilo 38 hivi, atafika 82. Baada ya miaka 10 anaweza kuwa na kilo 90. Akiwa ameweka moyoni kwamba lazima afike 60 kama alivyokuwa siku ya harusi, basi siku mzani utakaposimama kwenye 82 atajiona ameshindwa, na kumbe amepata kile ambacho upasuaji huu hutoa. Utafiti huo huo ulionesha kwamba waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wenzao wenye unene kama wao ambao hawakupasuliwa.

Kwa kawaida uzito hutulia kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Kusimama huko si mgomo wa kuvunjwa. Umefika, na kazi inayobaki ni kulinda.

Je, kweli umesimama?

Usijipime kila siku. Jipime mara moja kwa wiki, mzani ule ule, asubuhi, kabla ya kunywa chai na baada ya kwenda msalani. Mzani wa zahanati na mzani wa mnada wa samaki hauwezi kukupa jibu moja, na huo wa pili sikushauri kabisa. Mwanamke aliyekaribia siku zake anaweza kuongezeka kilo moja au mbili za maji tu, kadhalika mtu aliyefunga choo. Usiseme uzito umesimama mpaka zipite walau wiki nne bila mabadiliko.

Wakati huo huo tafuta utepe wa fundi cherehani, ujipime kiuno, nyonga na mkono, uandike kwenye daftari. Si mara chache mzani husimama huku kiuno kikipungua sentimita tatu. Aidha, pima shinikizo la damu na sukari. Ikiwa ulikuwa unameza dawa mbili za presha na sasa daktari amekuachia moja, hiyo ni faida kubwa kuliko kilo. Hapa pana tahadhari: mgonjwa wa kisukari anayeendelea kumeza dozi ya zamani baada ya kupungua anaweza kushukiwa sukari mpaka akazimia. Usipunguze dawa mwenyewe, lakini usikae nazo miezi bila kupimwa. Kipimo hicho hakihitaji Dar es Salaam; vuka Masoko, au nenda hospitali ya wilaya ya Kinyonga pale Kilwa Kivinje.

Na wewe mama ambaye siku zako zimepita, pima mimba kwanza kabla ya kuulaumu mzani. Kupungua uzito hurudisha uzazi haraka, na wapo waliokaa miaka bila mtoto wakashika mimba miezi michache baada ya upasuaji. Madaktari hushauri kusubiri miezi 12 hadi 18. Zungumza na mwenzio na muuguzi kuhusu njia itakayokufaa, ukimweleza kwamba umepasuliwa, kwa sababu vidonge vya kumeza huenda visifyonzwe kama zamani.

Tazama sahani, kisha tazama kikombe

Ikiwa wiki nne zimepita na kiuno nacho kimesimama, andika kwa siku saba kila kinachoingia mdomoni. Kila kitu, pamoja na ulichoonja ukipika na mabaki ya mtoto uliyoyaona vibaya kuyatupa.

Kwanza tazama protini. Aliyepasuliwa huhitaji kwa kawaida gramu 60 hadi 80 kwa siku, na mtu wa Kilwa hana udhuru mkubwa katika hili, kwani bahari iko mlangoni. Kipande cha samaki aliyepikwa cha gramu 100, kama changu au nguru, kina zaidi ya gramu 20. Yai moja lina gramu 6, bilauri ya maziwa kama 8. Samaki asubuhi kipande, mchana kipande, jioni yai na maziwa au mtindi, na kunde au choroko katikati, umefika. Pweza ni mzuri ila ni mgumu; mpike sana, mkate vipande vidogo, mtafune mpaka alainike, la sivyo atakukwama. Anza na samaki, fuatia mboga, wali au ugali uwe wa mwisho, vijiko vichache. Watu wengi hufanya kinyume: wanajaza kitumbo kidogo kwa wali, samaki anabaki.

La pili ni tui na mafuta. Sisemi uache nazi. Kumwambia mtu wa pwani aache nazi ni kumwambia ahame. Lakini tui zito lina nguvu nyingi katika ujazo mdogo, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kula kina kalori 120 hivi. Tumia tui jepesi, chemsha au choma samaki siku nyingi kuliko kumkaanga.

La tatu, na ndilo linalowaponza walio wengi, ni vitu laini na vitamu. Upasuaji humzuia mtu kula sahani kubwa ya ugali. Haumzuii kunywa chai ya sukari kutwa, wala kulamba halua kidogo kidogo. Vitu hivi huteleza, havikai tumboni, mtu hashibi. Hesabu mwenyewe: kijiko kidogo cha sukari ni kama gramu 4, yaani kalori 16. Vijiko vinne kwa kikombe, vikombe vitano kwa siku, ni vijiko 20. Hiyo ni kalori 320, sawa na mlo mzima wa mtu aliyepasuliwa, na kwenye daftari lake ameandika “chai tu.” Soda ni mbaya zaidi kwa sukari na gesi yake. Dafu ni bora kuliko soda, lakini nalo lisiwe badala ya maji.

Maji yenyewe ufikie lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, kwa mafunda, si kwa mkupuo. Msomaji wa safu hii anaifahamu vyema hadithi ya kuligawa tumbo mafungu matatu. Kwa aliyepasuliwa fungu la maji lina wakati wake: usinywe ukila, na subiri kama nusu saa baada ya kula. Ukishushia chakula kwa maji, kinapita upesi na njaa inarudi upesi.

Lipo jambo la sinia. Tunakula pamoja, na ni jambo jema, lakini katika sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani, na mkono hufuata mkono wa jirani. Mweleze mwenye nyumba mapema, uchotewe kisahani chako, ukae pale pale na wenzio, ule taratibu kwa dakika 20 au 30. Ukisikia kifua kimebana, acha. Tonge moja la kuongeza kwa ajili ya heshima ndilo linalokupeleka kutapika.

Sanamaki, vidonge na sindano

Sanamaki ni dawa ya kufungua choo. Ukiinywa leo ukaharisha, kesho utajiona umepungua kilo moja, na kilo hiyo ni maji na chumvi za mwili, mafuta hayajaguswa. Kwa mtu mwenye tumbo dogo ambaye tayari anapata shida kufikisha maji ya siku, kuharisha kwa makusudi ni hatari kwa figo na moyo. Usiitumie kwa kazi ambayo si yake.

Chai na vidonge vya kukondesha vinavyouzwa bila kujulikana vimetengenezwa na nani ni hatari zaidi. Katika bidhaa za namna hii imewahi kugunduliwa mara nyingi, katika nchi mbalimbali, dawa iitwayo sibutramini ikiwa imefichwa ndani. Dawa hiyo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Kwenye pakiti hutaisoma, utasoma “asilia.”

Sindano mpya kama semaglutidi ni dawa za kweli, na madaktari huwapa baadhi ya watu ambao uzito wao umesimama au umerudi baada ya upasuaji. Ila ni za daktari, zinahitaji kutunzwa kwenye ubaridi na kufuatiliwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya semaglutidi bandia. Usiinunue kwa mtu aliyeileta mfukoni.

Jambo jingine: ukiumwa mgongo au magoti, usikimbilie diklofenaki au ibuprofeni dukani. Dawa hizi huweza kutoboa vidonda katika tumbo lililopasuliwa, hasa kwa waliounganishwa utumbo. Sigara kadhalika. Uliza parasetamoli.

Na vitamini usiziache kwa sababu kilo zimegoma. Hazina kazi ya kupunguza uzito. Zinakukinga na upungufu wa damu, ganzi ya miguu na mifupa kulika, na kwa wengi ni za maisha. Vidonge vya chuma na vya kalsiamu vitenganishe kwa saa mbili, na usimeze chuma kwa chai.

Kufunga

Wapo wanaodhani kwamba funga za Jumatatu na Alhamisi, au Ramadhani yenyewe, zitauvunja mgomo wa uzito. Kwa aliyepasuliwa karibuni sivyo. Miezi ya mwanzo anahitaji maji mafunda kwa mafunda tangu asubuhi, na mlo mdogo mara tano au sita. Wataalamu wengi hushauri asifunge walau miezi 6 ya mwanzo, na wengine husogeza hadi mwaka. Dini imemruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine. Ruhusa hiyo si ya kuionea haya. Muulize daktari kuhusu mwili wako, na sheikh wako kuhusu kulipa.

Atakayeruhusiwa afungue kwa maji na kitu chepesi, asubiri, kisha samaki au yai. Tende moja inatosha. Kaimati, tambi za sukari na uji mtamu kwa pamoja huingia kwenye utumbo kwa kasi, na nusu saa baadaye mtu huona moyo unakwenda mbio, jasho, kizunguzungu na kuharisha. Wengine hudhani wamelogwa au wameliwa na njaa ya funga, kumbe ni sukari.

Miguu na misuli

Kisiwani hakuna daladala, na hiyo ni neema. Kutoka Gereza mpaka Husuni Kubwa ni karibu nusu saa ya mwendo wa kawaida. Ukienda mwendo huo siku tano kwa wiki umetimiza dakika 150. Lakini kutembea tu hakutoshi kulinda misuli. Mara mbili au tatu kwa wiki kaa kwenye kiti, inuka bila kushika kwa mikono, mara kumi, pumzika, rudia mara tatu. Sukuma ukuta kwa mikono. Baada ya wiki sita, daktari akiridhika na kidonda, anza kubeba ndoo ndogo ya maji, moja kila mkono. Usiku lala, anayelala saa nne au tano huamka na njaa ambayo si ya kweli.

Walio nyumbani

Mume, mama mkwe, shoga, nanyi mna sehemu yenu. Kwetu pwani unene umekuwa ni dalili ya kutunzwa. Akipungua wanasema ana maradhi gani anatuficha. Uzito ukisimama wanasema kaliwa pesa zake. Maneno ya namna zote mbili humsukuma kwenye chakula. Msimuulize kilo. Msimpikie tofauti kwa kumtenga. Akisema ameshiba kwa matonge manne, ameshiba kweli. Ikiwa analia, hali, halali, au anakula kwa kificho usiku, hilo nalo ni la kumwambia daktari, wala si la kumsimanga.

Usisubiri

Kusimama kwa uzito husubiri. Mengine hayasubiri. Kutapika kila mlo kwa siku mbili au tatu, hata kama unapungua. Upungufu wa vitamini B1 unaotokana na hilo huweza kuharibu macho, mwendo na akili kwa muda mfupi. Maumivu makali ya tumbo, hasa upande wa kulia chini ya mbavu, kwani wanaopungua haraka hupata mawe kwenye mfuko wa nyongo. Choo cheusi kama lami. Homa, kifua kubana, mguu mmoja kuvimba. Kwa haya vuka siku hiyo hiyo, usingoje boti ya kesho.

Na ikiwa uzito umekaa miezi mitatu bila kushuka ndani ya mwaka wa kwanza, au unapanda kilo tatu au zaidi na hauteremki, piga simu kliniki iliyokufanyia, waulize tarehe. Huenda wakataka kupima tezi ya shingo, au kutazama dawa zako, maana insulini, steroidi, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na ile sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huweza kuzuia uzito kushuka. Huenda wakaangalia kama tumbo limetanuka. Siku ya kwenda chukua karatasi uliyopewa ulipotoka hospitali, dawa zote ulizonazo pamoja na za mitishamba, na lile daftari la vipimo vya kiuno na vyakula vya siku saba. Ukienda mikono mitupu watakuanzishia kuandika siku hiyo, na safari ya Kilwa mpaka Mloganzila si ya kurudiwa mara mbili kwa jambo moja.